Sayari isiyo na asubuhi ina somo kwa madarasa yetu

"Nyota njema huonekana asubuhi," walinena wahenga wetu, na kwa vizazi vingi msemo huo umetosha kumpima mtoto anayeinukia kuwa mtu wa maana. Wahenga hao hawakuwa na sababu ya kushuku kwamba huenda pako mahali, katika ulimwengu huu huu, ambapo asubuhi haijulikani. Leo nataka kuzungumzia mahali hapo. Sina nia ya kuwastarehesha wasomaji kwa ngano za viumbe wenye macho sita. Naamini tu kwamba walimu na wanafunzi wetu wanaweza kupata humo somo ambalo vitabu vya kiada aghalabu havilitoi: namna ya kubuni kwa uhuru huku fikira zimefungwa kamba ya ukweli.

Sayari ninayoikusudia inaitwa TRAPPIST-1e. Jina hilo halina utamu wowote, lakini lina historia yake. TRAPPIST ni darubini ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, iliyojengwa La Silla katika milima ya Chile. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Michaël Gillon lilitangaza kwamba darubini hiyo imegundua sayari tatu zinazoizunguka nyota moja ndogo katika kundi la nyota liitwalo Ndoo. Mwezi Februari 2017 ilibainika kwamba sayari hizo ni saba, zote zikiwa na ukubwa unaokaribiana na wa Dunia yetu. Wala Afrika haikuwa mtazamaji tu katika kazi hiyo. Darubini pacha iliyowekwa Oukaïmeden nchini Moroko, pamoja na darubini ya Sutherland nchini Afrika Kusini, ni miongoni mwa zile zilizoikodolea macho nyota hiyo hadi hesabu ya saba ikathibitika.

Huenda msomaji akauliza: sayari iliyo mbali hivyo ilionekanaje? Jibu ni kwamba haikuonekana. Hebu fikiria koroboi iliyowashwa mbali sana usiku, na nzi mdogo akipita mbele ya mwali wake. Humwoni nzi, lakini mwali unafifia kidogo kisha unarejea ulivyokuwa. Ndivyo ilivyofanyika. Kila TRAPPIST-1e inapokatiza mbele ya nyota yake, nuru ya nyota hupungua kwa takriban nusu ya asilimia moja, kwa muda usiotimia saa nzima. Upungufu huo hurudi kila baada ya siku 6.1. Kutokana na kiasi cha upungufu, wataalamu walikokotoa upana wa sayari. Na kutokana na jinsi sayari hizo saba zinavyovutana na kucheleweshana njiani, wakakokotoa uzito wake. Hayo yote ni hesabu ambayo mwanafunzi mwenye bidii wa shule ya upili anaweza kuielewa akielekezwa vyema.

Basi tunajua nini? Tunajua kwamba upana wa TRAPPIST-1e ni kama asilimia 92 ya upana wa Dunia, na kwamba ni sayari ya mawe, si tufe la gesi kama Mshtarii. Mwanafunzi mwenye uzani wa kilo 60 hapa nchini angejiona huko kama mtu wa kilo 49 hivi. Nyota yake ni kibete chekundu chenye upana unaozidi ule wa Mshtarii kwa kiasi kidogo tu, nayo ni baridi mno ikilinganishwa na jua letu. Hata hivyo, sayari yenyewe iko karibu nayo kiasi kwamba hupokea takriban thuluthi mbili ya nishati ambayo Dunia hupokea kutoka kwa jua. Kiasi hicho, kukiwa na angahewa inayofaa, chaweza kuruhusu maji yatiririke badala ya kuganda au kuchemka. Ndiyo maana sayari hii hutajwa kila panapozungumzwa makao yanayoweza kuwa na uhai.

Nuru inayotufikia sasa kutoka huko ilianza safari yake takriban miaka 40 iliyopita, wakati taifa hili lilipokuwa likiukaribisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Mfumo huo umezaliwa, umelalamikiwa na umekaribia kuzikwa, na nuru ilikuwa ingali njiani. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kingehitaji zaidi ya miaka 700,000 kuumaliza mwendo kama huo. Kwa hivyo asiwepo wa kutudanganya kwamba tutahamia huko baada ya kuiharibu Dunia.

Kuna jambo jingine linalopaswa kusemwa waziwazi. Hakuna aliyethibitisha kwamba TRAPPIST-1e ina hata hewa. Darubini ya anga za juu ya James Webb iliwatazama ndugu zake wawili walio karibu zaidi na nyota, na matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba yule wa kwanza huenda ni jiwe tupu, na wa pili hana angahewa nzito ya kaboni dioksaidi. Mnamo Septemba 2025 yalitolewa matokeo ya kwanza ya uchunguzi wa TRAPPIST-1e yenyewe. Wanasayansi waliweza kusema kwamba haina lile blanketi la haidrojeni ambalo sayari changa huzaliwa nalo. Kuhusu angahewa nyinginezo hawakufikia uamuzi, kwa maana nyota yenyewe ina madoa na milipuko inayochafua ushahidi. Kazi inaendelea.

Nayasisitiza haya kwa sababu tumezoea kulishwa uvumi. Mwezi Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walitangaza kwamba wameona katika sayari nyingine, K2-18 b, dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Kabla ya jua kutua, simu zetu zilikuwa zimejaa habari kwamba uhai umepatikana. Watafiti wengine walipozikagua takwimu zile zile, wengi walikuta ushahidi hautoshi. Mwanafunzi asiyeweza kutofautisha "huenda" na "imethibitishwa" atadanganywa kuhusu sayari leo, na kesho atadanganywa kuhusu dawa, kura na fedha zake.

Sasa nije kwenye kiini cha makala haya. Ikiwa tunajua machache kiasi hicho, je, ni halali kubuni jamii ya watu wa huko? Nasema ni halali, na si mimi wa kwanza kusema hivyo. Johannes Kepler, yule yule aliyetupatia kanuni za mwendo wa sayari, aliandika kitabu kiitwacho Somnium, yaani Ndoto, kilichochapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Humo aliwabuni wakazi wa mwezi. Kwa kuwa mwezi hutuonyesha uso mmoja tu daima, Kepler alitambua kwamba wakazi wa nusu moja wangeiona Dunia ikining'inia angani maisha yao yote, na wale wa nusu ya pili wasingeiona kamwe. Akawagawa katika mataifa mawili kwa kigezo hicho, na akaeleza jinsi kila taifa lingeishi. Ubunifu wake ulikuwa mtumishi wa hesabu zake.

TRAPPIST-1e inatualika kufanya vivyo hivyo. Wataalamu wengi wanaamini kwamba, kwa kuwa iko karibu mno na nyota yake, sayari hii nayo huielekezea nyota uso mmoja tu, kama mwezi wetu unavyofanya kwa Dunia. Upande mmoja ni mchana usiokoma, na wa pili ni usiku usiokucha. Jua la huko lingeonekana pana mara nne kuliko letu, lenye rangi ya kaa la moto, nalo lingesimama mahali pamoja tangu mtu azaliwe hadi azikwe.

Nilipoyaeleza haya darasani siku moja, msichana mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, kama huko hakuna asubuhi, wanasalimianaje?" Darasa lilicheka. Mimi niliona kwamba swali hilo lilikuwa na uzito kuliko yote niliyokuwa nimeyasema. Hebu tulifuate.

Lugha yetu imejengwa juu ya jua linalotembea. Twasema "umeamkaje", twasema "sabalkheri" na "masalkheri". Tukiagana usiku twasema "alamsiki", naye mwenzetu hujibu "binuru". Saa zetu twaanza kuzihesabu jua linapochomoza: saa moja ni saa moja tangu kulipokucha. Tunazitaja pande za dunia kwa macheo na machweo. Tunamfariji aliyefiwa kwa kumwambia kwamba hakuna usiku usiokucha. Mpeleke Mswahili TRAPPIST-1e, na nusu ya maneno yake ya adabu yatakosa mashiko. Watu wa huko wangelazimika kusalimiana kwa jambo jingine. Labda wangeulizana juu ya upepo, kwani iwapo kuna hewa, aghalabu pepo za chini zingevuma kutoka gizani kwenye baridi kuelekea penye joto. Pande zao zingekuwa "juani" na "gizani". Mtu angejua yuko umbali gani na kwao kwa kutazama tu jua limesimama juu kiasi gani.

Tuendelee mbele kidogo, tufike kwenye jambo ambalo Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa: ardhi. Hapa kwetu kivuli cha mlima huhama. Shamba lililo kivulini asubuhi hupata jua alasiri. Kule kivuli hakihami. Shamba lililo nyuma ya kilima li kivulini tangu enzi za mababu, na litabaki hivyo. Mtoto atakayerithishwa shamba hilo amerithishwa giza. Jirani akijenga ukuta mrefu upande wa juani, ameninyima nuru mimi na wajukuu wangu. Je, watu hao wangetunga sheria gani? Je, nuru ingekuwa mali ya mtu au ya umma? Je, wangegawana mashamba kwa zamu, ukoo huu ulime juani kwa miaka kadhaa kisha uupishe ukoo mwingine? Huko haki isingeletwa na mapambazuko. Ingepaswa kuletwa na watu wenyewe. Mwanafunzi akilitafakari hilo, ataanza kujiuliza ni vivuli vingapi hapa kwetu tunavyodhani vitahama vyenyewe.

Kisha kuna suala la kalenda, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote kwa kuwa hesabu yake ni ya kweli. Watu wasioona kukicha wala kukichwa wangehesabu siku vipi? Wangetazama sayari jirani. Sayari ya ndani, TRAPPIST-1d, huizunguka nyota kwa siku 4 na ushei, kwa hiyo huipita TRAPPIST-1e kila baada ya siku zetu 12 hivi. Inapopita huwa kati ya sayari hiyo na nyota. Wakazi wa upande wa nuru wangeona doa jeusi, lenye upana wa robo ya jua lao, likikatiza uso wa jua. Sayari ya nje, TRAPPIST-1f, huzunguka kwa siku 9.2, nayo hukutana na TRAPPIST-1e kila baada ya siku 18 hivi. Wakati huo huwa upande wa giza, ikiwa imejaa nuru kama mwezi mpevu, na kwa ukubwa unaokaribiana na wa mwezi wetu.

Angalia matokeo yake. Watu wa nuru wangehesabu muda kwa giza linalopita, na watu wa giza wangehesabu kwa nuru inayojaa. Wala hakuna upande ambao ungeweza kuiona ishara ya mwenzake bila kusafiri. Upande mmoja ungesema mwezi ni siku 12, na wa pili ungesema ni siku 18, na kila mmoja angemwona mwenzake kuwa mjinga au mwongo. Lakini mara tatu kumi na mbili ni thelathini na sita, na mara mbili kumi na nane ni thelathini na sita vilevile. Mfanyabiashara wa mpakani, aliyezoea kuvuka huku na huko, ndiye angegundua kwamba hesabu hizo mbili hupatana. Yeye ndiye angeweza kupanga siku ya soko ambayo pande zote zingefika. Sisi tulioshuhudia mijadala ya mwandamo wa mwezi, huku mji mmoja ukisherehekea Idi na mwingine ungali umefunga, hatuwezi kuwacheka.

Najua kuna mwalimu atakayesoma haya akatikisa kichwa. Atasema: madarasa yamejaa, maabara hazina vifaa, mtihani unabisha hodi, nawe unataka tuzungumzie sayari ambayo huenda haina hata hewa? Malalamiko hayo yana haki yake, nami sitayapuuza. Lakini hebu tutazame kile tunachokifanya sasa. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi. Mpe mtahiniwa mada yoyote, iwe ni ajali, harusi au wizi, naye ataanza kwa jogoo kuwika, jua kuchomoza kwa madaha na ndege kuimba matawini. Hakuyaona hayo. Ameyakariri, kwa kuwa aliambiwa kwamba mapambo hayo humfurahisha mtahini. Tumewafunza vijana wetu kuandika bila kutazama, kisha tunashangaa kwamba hawafikiri.

Sasa mwambie mwanafunzi huyo aandike insha juu ya siku ya soko katika TRAPPIST-1e. Jogoo wake atawika lini? Jua lake litachomoza wapi? Mapambo yote aliyoyakariri yanamponyoka mkononi. Analazimika kuuliza: nuru inatoka upande gani, watu wamevaa nini, wanapimaje muda, nani ana nguvu na kwa sababu gani? Kila sentensi anayoiandika inaweza kukaguliwa. Akisema jua lilitua, mwalimu wa sayansi atampigia mstari mwekundu. Akisema watu walikuwa wazito kuliko huku, mstari mwingine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kubuni na kuropoka. Na zoezi lenyewe halihitaji maabara wala darubini. Linahitaji ubao, chaki, na walimu wawili walio tayari kuzungumza.

Tena, ieleweke kwamba nchi hii haiko nje ya kazi hii. Katika shughuli ya kuzipa majina nyota na sayari zake iliyosimamiwa na Muungano wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota mwaka 2019, Kenya iliipa nyota HD 83443 jina la Kalausi, na sayari yake ikaitwa Buru. Hayo ni maneno ya Kijaluo, upepo wa kisulisuli na vumbi lake. Katika awamu ya 2022, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, nyota GJ 1214 ilipewa jina la Orkaria, na sayari yake Enaiposha, kutoka lugha ya Kimaasai. Enaiposha ni maji mengi yenye mawimbi, neno ambalo wengi wetu tunalijua kwa umbo la Naivasha. Awamu hiyo ilitaka makundi yanayopendekeza majina yawe na wanafunzi na walimu pamoja na wapenzi wa elimu ya nyota. Kwa hivyo tayari lugha zetu ziko angani, na njia zilizozipeleka huko zilipita shuleni. Cha kusikitisha ni kwamba wanafunzi wengi hawajapata kuyasikia majina hayo.

Mtaala wa Umilisi unatutaka tumfunze mwanafunzi ubunifu, fikira tunduizi na ushirikiano. Maneno hayo yameandikwa kwa wino mzuri, lakini yatabaki wino tu iwapo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wataendelea kukaa katika chumba kimoja cha walimu bila kubadilishana lolote isipokuwa orodha ya alama. Napendekeza jambo dogo. Katika kila muhula, walimu hao wawili waunganishe vipindi vyao viwili tu. Cha kwanza kiwe cha ukweli: ukubwa wa sayari, mwendo wake, kinachojulikana na kisichojulikana bado. Cha pili kiwe cha kubuni: sheria za ardhi, salamu, kalenda, methali. Insha zitakazoandikwa zisahihishwe na wote wawili, mmoja kwa lugha na mwingine kwa ukweli, na mwanafunzi asipewe alama ya juu asipofaulu kote kuwili.

Na iwapo darubini zitatwambia siku moja kwamba TRAPPIST-1e ni jiwe kavu lisilo na hewa, tutakuwa tumepoteza nini? Kepler aliwabuni wakazi wa mwezi ambao hawakuwapo, lakini mtoto aliyeyaelewa mataifa yake mawili ameelewa jinsi mwezi unavyozunguka. Naye kijana wetu atakayekuwa ametunga sheria ya kugawana nuru kati ya watu wa kilimani na watu wa kivulini hatakuwa ameipoteza kazi yake. Ataikuta inamsubiri nje ya lango la shule.